Kerneli mpya kwenye mashine ya zamani: jaribu, lakini acha mlango wa kurudi

Haya wadau, leo tuingie kwenye ufundi kidogo. Siasa na mpira vipo kila siku, havikimbii.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Sasa tuambizane ukweli: kompyuta nyingi tunazotumia huku kwetu ni mitumba. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ya miaka ya karibuni, vitu ambavyo hivi vikompyuta vyetu havina. Matokeo yake watu wanapiga Linux, hasa Ubuntu, Mint na Debian. Hata hapa Igowole ukiingia stesheneri unaweza kukuta mashine mbili tatu zinakula Ubuntu.

Na mimi, kwa kuwa ndiyo kazi inayonipa vocha, maswali yananifuata. Mmoja anauliza: "Kaka, imeniletea ujumbe wa kuapdeti, nikubali au niipotezee?" Mwingine yuko upande wa pili kabisa: "Nasikia kuna kerneli mpya ina mambo makali, niishushe leo?" Wote wawili jibu langu ni lile lile. Kubali, lakini kwanza ujue utarudije. Na ujue pia kuna vitu ambavyo havirudi.

Msidhani ni utani. Kwenye mashine hiyo kuna fomu ya mkopo wa HESLB ya dogo fulani, kuna CV ya mtu anayeomba kazi Ajira Portal, kuna mtihani ambao mwalimu ameuchapa mpaka saa sita usiku. Mashine ikigoma wiki ya mwisho ya maombi, hasara haimpati mwenye stesheneri peke yake.

KERNELI NI KITU GANI?

Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazoongea Kiswahili. Ile ilikuwa kazi ya juu, yaani menyu na maneno unayoyaona kwa macho. Kerneli iko chini kabisa. Huioni, lakini hakuna kinachofanyika bila yenyewe.

Chukulia ghala la kijiji. Mkulima haingii ghalani akajibebea gunia. Anamwambia mtunza ghala, mtunza ghala anaangalia daftari, anafungua, anatoa, anaandika. Kerneli ndiyo mtunza ghala wa kompyuta yako. Programu ikitaka kuandika faili kwenye hadi diski, kutumia kumbukumbu, kuongea na kadi ya mtandao au kusoma fleshi uliyochomeka, inaiomba kerneli. Funguo zote anazo yeye, na daftari anashika yeye.

Kerneli ya Linux ilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, Finland. Leo inaandikwa na maelfu ya watu na makampuni. Hata simu yako ya Android inaendeshwa na kerneli hiyo hiyo. Kwa hiyo usiseme "mimi Linux sijui", wakati unailaza chini ya mto kila usiku.

KUSOMA NAMBA

Fungua terminali uandike:

uname -r

Itakuletea namba, mfano 6.8 na mikia yake, ambayo ndiyo Ubuntu 24.04 ilitoka nayo Aprili 2024. Debian 13 ya Agosti 2025 ilikuja na 6.12.

Zamani namba yenyewe ilikuwa inakwambia ukweli. Namba ya pili ikiwa shufwa, kama 2.4 au 2.6, ujue ni toleo la kutumia. Ikiwa witiri, kama 2.5, ujue ni la majaribio. Utaratibu huo uliisha baada ya 2.6 kutoka Desemba 2003. Siku hizi unaangalia herufi. Ukiona "rc" kwenye namba, hiyo bado iko jikoni. Kila toleo hupitia rc1, rc2, mpaka rc7 au rc8, na toleo kamili hutoka kila baada ya wiki tisa au kumi hivi. Halafu yapo matoleo yanayochaguliwa kutunzwa kwa miaka, na 6.12 ni mojawapo. Kwa mashine ya kazi, tumia kerneli ambayo Ubuntu au Debian yenyewe inakuletea. Hiyo imeshapita mikononi mwa watu wengi kabla ya kufika kwako.

KWA NINI UPANDISHE?

Sababu ni tatu. Ya kwanza ni usalama: matundu hugunduliwa kila mara, na kwenye mashine inayotumiwa na kila anayepita barabarani, tundu ni tundu kweli. Ya pili ni vifaa: kadi mpya ya wifi inaweza isitambulike na kerneli ya zamani. Ya tatu ni kurekebisha makosa yaliyokuwepo.

"Nataka namba kubwa kuliko ya jirani" siyo sababu. Kama mashine inapiga kazi na toleo lako bado linatunzwa, pokea masahihisho ya kawaida, inatosha.

HATUA ZA KUPANDISHA BILA PRESHA

1. Toa nakala ya mafaili ya watu. Iweke kwenye fleshi au diski ya nje, halafu uichomoe. Nakala iliyo kwenye diski ile ile siyo nakala. Fungua faili moja mbili kwenye kompyuta nyingine uone kama zinasomeka.

2. Angalia nafasi:

df -h /boot

Kerneli hukaa kwenye /boot, na kwenye mashine nyingine sehemu hii imekatwa ndogo. Ikijaa katikati ya kazi, kerneli mpya inaingia nusu nusu na mashine haiwaki nayo. Nimeiona stesheneri moja ambayo sitaitaja. Fundi alikuwa ameshaanza kufomati, kumbe tatizo lilikuwa nafasi tu. Amri hii huondoa kerneli za zamani sana na kuibakiza unayoitumia sasa:

sudo apt autoremove

Soma orodha yake kabla ya kukubali. Hakikisha utabaki na kerneli mbili angalau.

3. Umeme. Huku Mufindi msimu wa mvua unajua wenyewe, radi moja tu na giza. Tumia laptopu yenye chaji au kompyuta iliyo kwenye UPS. Wingu likiwa zito, ahirisha, kesho ipo.

4. Andika:

sudo apt-get update
sudo apt-get dist-upgrade

Kabla ya kushusha vifurushi vyenyewe itakwambia ni MB ngapi. Bando likiwa halitoshi, jibu n uondoke kwa amani.

5. Izime na kuiwasha upya, halafu uandike uname -r kuona kama namba imebadilika. Sasa jaribu kila kitu ambacho mteja hutumia: intaneti, fleshi, printa, sauti, skana. Usitangaze ushindi kwa sababu tu picha ya dawati imetokea.

Kama una mashine tano, pandisha moja kwanza. Iache ipige kazi siku kadhaa, ndipo uguse nyingine. Na hapa kuna siri ya kuokoa bando: ukitumia apt-get kama nilivyoandika hapo juu, vifurushi vilivyoshushwa hubaki kwenye /var/cache/apt/archives. Vinakili kwa fleshi, viweke kwenye folda hiyo hiyo ya mashine nyingine yenye Ubuntu ya toleo lile lile na prosesa ya aina ile ile, halafu utoe amri zile zile. Haitashusha tena ilichokikuta.

IKIGOMA, MLANGO WA KURUDI HUU HAPA

Habari njema ni kwamba Ubuntu na Debian zikileta kerneli mpya hazifuti uliyokuwa unatumia. Yaani mtunza ghala mpya ameingia, lakini wa zamani bado amekaa kwenye benchi nje. Washa mashine huku umeshikilia Shift, au gonga Esc kwa zile mpya zaidi, mpaka itokee menyu ya GRUB. Chagua mstari wa "Advanced options", utaona kerneli zote kwa namba. Chagua ya zamani, gonga Enter. Basi, umerudi. Hakuna kufomati wala nauli ya kwenda Mafinga kumtafuta fundi.

Ukisharudi, uliza mashine ilikufa na nini:

journalctl -k -b -1

Hiyo inaonyesha maneno ya kerneli kwenye uwashaji uliopita, kama yaliwahi kuandikwa kwenye diski. Nakili mistari ya mwisho. Ukienda kuomba msaada na mistari hiyo, utasaidiwa haraka kuliko anayesema tu "imezingua".

Kama kilichogoma ni wifi ya kuchomeka peke yake, angalia dkms status. Draiva zilizoongezwa kutoka nje hujengwa upya kwa kila kerneli, na mara nyingi ndizo zinazobaki nyuma.

SASA TUJE KWENYE MAJARIBIO

Hapa ndipo vijana tunapopenda, na mimi simo katika wanaokataza. Bila watu kujaribu, kasoro zingegundulika kwenye mashine za hospitali. Ila kuna jambo moja ambalo wengi hawaambiwi: kurudi kwenye kerneli ya zamani kunarudisha kerneli tu. Mtunza ghala mpya akivuruga daftari, kumrudisha wa zamani hakurekebishi daftari. Atalisoma vile vile lilivyovurugwa.

Chukua mambo matatu yaliyotokea kweli.

La kwanza, mwaka 2008. Kerneli ya 2.6.27 ikiwa bado rc, watu waliokuwa wanajaribu Ubuntu, Fedora na openSUSE za majaribio wakaanza kuona kadi zao za mtandao za Intel zinazotumia draiva ya e1000e zinakufa. Hata wakirudisha kerneli ya zamani, kadi ilikuwa imekwenda, maana kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya kadi yenyewe ilikuwa imeandikwa takataka. Draiva ndiyo ilishukiwa kwanza. Baadaye mkosaji akapatikana: kipengele kipya cha kufuatilia kerneli kiitwacho ftrace. Kilikuwa kimekariri anwani fulani za kumbukumbu. Sehemu ile ikaachwa, ikapewa kadi ya mtandao, na ftrace ikaandika pale pale ikidhani bado ni kwake. Ni kama kwenda kupaka rangi chumba ulichohama ukakuta ana mpangaji mpya. Oktoba 2008, toleo la 2.6.27.1 likazima kipengele hicho. Funzo: usijaribu kwenye kifaa ambacho huwezi kukipoteza. Nakala ya mafaili haifufui kadi.

La pili linatuhusu sana sisi wa umeme wa kukatika. Mfumo wa mafaili wa ext4 uliingia kwenye kerneli mwaka 2006 kwa jina la ext4dev, yaani wa majaribio. Desemba 2008, kwenye 2.6.28, ukavuliwa jina hilo ukahesabiwa tayari. Januari 2009, waliokuwa wanajaribu Ubuntu 9.04 iliyokuwa njiani wakaripoti kwamba mashine ikizimika ghafla, wakiiwasha wanakuta mafaili yana majina lakini ndani ni matupu, baiti sifuri. Sababu ni kwamba ext4 huchelewa kwa makusudi kuandika data kwenye diski ili ipange vizuri na kuwa na kasi. Ext3 ilizoeleka kuandika kila baada ya sekunde tano hivi, na programu nyingi zilikuwa zimezoea hivyo bila kusema. Theodore Ts'o, msimamizi wa ext4, alitengeneza marekebisho yaliyoingia kwenye 2.6.30 mwezi Juni 2009. Leo ext4 ndiyo inayobeba mafaili yako na iko salama. Funzo: kuondolewa neno "majaribio" hakumaanishi kitu kimejaribiwa katika mazingira kama yako. Kwenye maabara yenye umeme saa zote usingeliona tatizo hilo upesi. Na jingine: ukishaibadilisha diski ya ext3 ikaanza kuandika kwa mtindo mpya wa ext4, kerneli ya zamani isiyoijua ext4 haiwezi kuifungua tena. Mlango wa kurudi unafungwa na wewe mwenyewe.

La tatu ni la juzi, na linahusu toleo imara. Desemba 2023 Debian ilikuwa inatoa 12.3. Ikagundulika kwamba kerneli iliyomo, 6.1.64, inaweza kuharibu data kwenye ext4. Debian wakasimamisha zoezi, wakawaambia watu wasiapdeti kwanza, na tarehe 10 Desemba wakatoa 12.4 yenye 6.1.66. Aliyesubiri siku mbili hakukumbwa na tatizo hilo. Funzo: hata chakula kilichopakuliwa, wa kwanza kuonja si lazima uwe wewe mwenye mashine za wateja.

NAMNA YA KUJARIBU NA BADO UKALALA

Anza na mashine pepe. Hii ni kompyuta ndani ya kompyuta, unaiunda kwa VirtualBox au QEMU. Ikifa unaifuta, unaunda nyingine. Humo ndani haribu unavyotaka. Upungufu wake ni kwamba haikuonyeshi wifi yako halisi wala kadi yako ya picha.

Ukitaka kuona vifaa halisi, tafuta mashine ya majaribio. Mimi ninacho kilaptopu ambacho betri imekufa na kibodi imekosa herufi mbili. Ndicho ninachokitesa. Hakina faili la mtu hata moja, na kinapokuwa kwenye majaribio sichomeki fleshi yenye kazi, maana kerneli mbovu inaweza kuandika popote inapofika.

Jaribu kitu kimoja kwa wakati. Ukibadilisha kerneli, mfumo wa mafaili na draiva siku moja, ikigoma utamlaumu nani? Mimi nina daftari la shilingi mia chache tu: tarehe, kerneli gani, nilibadilisha nini, nini kilitokea. Linanisaidia kuliko kichwa changu.

Kisha itumie GRUB ikusaidie. Kwenye faili la /etc/default/grub weka mstari huu:

GRUB_DEFAULT=saved

Na ndani ya mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT ongeza panic=10. Toa amri ya sudo update-grub. Halafu:

sudo grub-set-default "1>2"
sudo grub-reboot "1>0"

Ya kwanza inasema kerneli ya kila siku ni ile ya zamani. Ya pili inasema ukiwashwa mara hii moja tu, jaribu mpya. Kerneli mpya ikianguka kwa kosa zito, ile panic=10 inaiambia mashine ijiwashe upya baada ya sekunde kumi, na safari hiyo inarudi yenyewe kwenye ya zamani. Ikiganda kimya, zima kwa kitufe, uwashe, matokeo ni yale yale. Ila namba hizo mimi nimeweka za mfano. GRUB huhesabu kuanzia sifuri, na kila kerneli huwa na mstari wa ziada wa uokoaji, kwa hiyo hesabu kwenye menyu yako. Ukiongeza kerneli nyingine, hesabu upya, maana foleni imesogea.

Tahadhari nyingine: kerneli unazojishushia nje ya utaratibu wa Ubuntu zinaweza zisikubaliwe na Secure Boot. Kama mashine ni ya mtu, usianze kuzima ulinzi huo ili tu uone namba mpya.

Watengeneza simu nao wanatumia akili hii hii. Tangu Android 7 ya mwaka 2016 kuna simu zenye nafasi mbili za mfumo. Apdeti inaingia kwenye nafasi isiyotumika, simu ikijiwasha na kushindwa, inarudi kwenye nafasi ya zamani. Kama Google wenyewe wanaogopa kuruka bila pa kurudi, mimi na wewe wa Igowole ni nani?

Kwa kifupi wadau: mashine ya wateja ipate masahihisho ya kawaida, moja kwanza, nyingine baadaye. Mashine ya majaribio ipate kila aina ya vurugu. Mafaili ya watu yawe pembeni kabla hujagusa chochote, kwa sababu hayo ndiyo kitu pekee ambacho hakuna fundi, hata wa Dar, atakayekushushia tena kutoka mtandaoni.

Wenye uzoefu na mashine zenu huko Mafinga, Makambako, Mbeya na kwingineko, mwageni hapo chini: kerneli gani, mashine gani, nini kiligoma. Wenye maswali pia msione haya, kuuliza si ujinga.

Nawakilisha.